Uliza Mwalimu: Nimeisoma tamthilia mara mbili, nimepata 8 kwa 20

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua za kozi za onlaini zimejaa kweli, na kadhaa zinahusu kitu ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kufundisha, yaani tamthilia ya kisasa, kwa hiyo ukurasa wote nimewapa wao. Walioniuliza kuhusu kubadilisha jina kwenye cheti mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Mi nafanya kazi ya mapokezi hotelini hapa Mombasa, zamu ya usiku, nimejiunga na kozi ya chuo kwa mtandao, wiki nane, kila wiki tamthilia moja. Tumeanza na A Doll's House ya Ibsen, mwandishi wa Norway. Nimeisoma mara mbili nzima kwenye simu, hadithi naijua mwanzo mpaka mwisho, lakini asainmenti ya kwanza nimepata 8 kwa 20 na lekchara kaandika sentensi moja tu, "umesimulia hadithi, hujachambua tamthilia." Sielewi anataka nini na hata sura yake siijui. Niache? — Wa Zamu ya Usiku, Mombasa

Marahaba mwanangu. Usiache. Hiyo sentensi moja ya lekchara ni fupi mno na inauma, lakini ndani yake kuna kozi nzima, ngoja nikufungulie.

Ungekuwa darasani, mwalimu angekusimamisha. Angesema wewe ndo Nora, yule pale Torvald mumeo, haya ingieni. Ungejikuta umesimama huna pa kuweka mikono, hujui mlango uko upande gani, hujui umebeba nini, na hapohapo ungelazimika kurudi kwenye kitabu kutafuta. Sasa kwenye simu hakuna wa kukusimamisha. Simu inageuza kila kitu kuwa maandishi ya kuteremsha kwa kidole gumba, na jicho likifika kwenye yale maneno ya mabano, maelekezo ya jukwaani, linaruka likatafute nani kasema nini. Najua umeyaruka kwa sababu kila mtu huyaruka, hata mimi niliposoma kwa masafa miaka ile, makabrasha yanakuja kwa posta, niliyaruka yote na nikafeli mtihani wa kwanza na hakuna aliyeniambia kwa nini.

Rudi ukurasa wa kwanza kabisa. Kabla Nora hajasema jambo lolote la maana, anaingia na vifurushi, nyuma yake mchukuzi kabeba mti wa Krismasi. Mchukuzi anadai øre 50, Nora anampa krone nzima yenye øre 100, chenji baki nayo (kama tafsiri yako ni ile ya zamani ya Kiingereza utaona sixpence na shilingi, hesabu ni ileile, kadaiwa nusu katoa nzima). Halafu anatoa mfukoni biskuti za lozi, anakula moja mbili, ananyata mpaka mlango wa chumba cha kazi cha mumewe kusikiliza kama yumo. Mume akiitika, biskuti zinarudi mfukoni haraka na mdomo unafutwa. Baadaye kidogo anamuuliza hukupita kwenye duka la vitu vitamu leo? Anakana, mara moja, mara mbili.

Sasa nambie, mtu aliyeona hayo kwa macho yake, anahitaji kuambiwa nini tena kuhusu ndoa hii? Mwanamke mzima mwenye watoto watatu anaficha biskuti. Na ukishajua anaficha kidogo, ndo unakuwa tayari kujua anaficha kikubwa, kwamba alikopa pesa kwa siri ili mume aliyekuwa mgonjwa apelekwe Italia akapone, na sahihi ya mdhamini, ambaye ni baba yake, kaiweka mwenyewe kwa mkono wake, tena tarehe aliyoandika ni siku tatu baada ya huyo baba kufa. Wewe kwenye asainmenti yako bila shaka umeanza na mkopo. Mkopo ni hadithi. Biskuti ndo tamthilia.

Halafu ule mti. Tendo la kwanza mti unaingia mzima, Nora anamwambia msaidizi aufiche watoto wasiuone kabla haujapambwa. Tendo la pili pazia linafunguka, hajasema mtu, na mti uko pembeni karibu na piano, umenyofolewa mapambo, umechakaa, mishumaa imeungua imebaki vishina. Ibsen hakumpa Nora hotuba ya kusema mimi nimekwisha. Kauweka mti. Watazamaji wa kwanza waliuona Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879, siku nne kabla ya Krismasi, na mtu akitoka hapo anarudi nyumbani anakuta mti wake mwenyewe sebuleni, fikiria alivyoutazama. Kitabu chenyewe kilitoka mapema mwezi huohuo, kopi 8,000, zikaisha ndani ya mwezi.

Na kuna kibanio cha nywele. Hiki nakuomba ukitafute mwenyewe tendo la tatu. Sanduku la barua liko mlangoni, lina kufuli, ufunguo anao mume peke yake, na barua ya yule mdai imo ndani tayari. Mume anapokwenda kulifungua anakuta kipande cha kibanio kimevunjikia kwenye kufuli, anashangaa, hiki si chako? Nora anasema labda watoto. Basi, yanaendelea mengine. Hatukuonyeshwa Nora akihangaika na lile kufuli, hakuna hata mstari mmoja, lakini kile kipande kinakwambia kwamba wakati fulani hapo katikati, peke yake, alipiga magoti mbele ya sanduku akachokonoa mpaka chuma kikakatika. Mi kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Saa tisa usiku pale kaunta wageni wamelala, chukua karatasi uchore chumba, kiko kimoja tu tamthilia nzima haitoki hapo, mlango wa kulia unakwenda ukumbini, wa kushoto chumba cha kazi cha Torvald, piano katikati ya milango miwili. Tafuta vizibo vya soda, kimoja Nora, kimoja Torvald, kingine Krogstad yule mdai, Bi Linde rafiki wa Nora, Daktari Rank rafiki wa nyumba. Soma kwa sauti ya chini na kila anayeingia msogeze, kila anayetoka mtoe. Utashangaa vizibo vitakavyokwambia. Utaona Nora ndo anayebaki ndani muda mwingi kuliko wote, wengine wanakuja na kwenda na koti zao, yeye anazunguka humohumo, basi pale mwisho anapovuka ule mlango wa ukumbini na kibegi chake utaelewa kwa nini watu walipiga kelele. Ujerumani mwaka 1880 mwigizaji mmoja mkubwa, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kabisa kuuigiza mwisho huo, akasema mimi singewaacha watoto wangu, na kwa vile haki za kazi ya Ibsen hazikulindwa kule, mwenyewe akaona bora aharibu mwenyewe kuliko kuharibiwa na wengine, akaandika mwisho wa pili ambao Nora anapelekwa mlangoni kwa watoto wanaolala, anaanguka chini, habaki na nguvu ya kuondoka. Aliuchukia huo mwisho maisha yake yote. Weka vizibo ujaribu na mwisho huo, uone chumba kinavyofunga tena.

Kisha andika asainmenti upya hata kama maksi hazibadiliki, anza na kitu kimoja tu, biskuti au mti au kibanio, kifuate mpaka mwisho. Mtumie lekchara umwambie nimejaribu tena naomba uisome. Walimu wa onlaini wana wanafunzi wengi wasio na sura, huyo anayerudi na kazi ya pili wanamkumbuka.

Mwalimu shikamoo, naandika kutoka Muscat, nafanya kazi za ndani, nasoma kozi kwa simu Ijumaa na usiku watu wakilala. Tumepewa linki ya video ya saa mbili na nusu, bando langu halifiki. Je, lazima kuona video? Wenzangu kwenye grupu wanasema bila kuona mchezo huwezi kupasi. Na mimi ile habari ya ufunguo wa sanduku la barua nimeielewa haraka sana kuliko wao. — Mama Wawili

Marahaba mama. Hilo la mwisho umeliandika kama jambo dogo, mimi nakuomba ulipeleke kwenye insha yako kama lilivyo, kwa maneno yako.

Kuhusu video, inasaidia, lakini si lazima, tena ina hatari yake. Video ni uamuzi wa mwongozaji mmoja. Ukiiona kwanza, Nora wako atakuwa na sura ya yule dada wa kwenye skrini daima. Chukua mfano wa Chekhov, yule Mrusi, maana naona mnakwenda kwake wiki ya tatu. Ile tamthilia yake ya bustani ya micheri (The Cherry Orchard) iliigizwa mara ya kwanza Moscow Januari 1904 chini ya mwongozaji Stanislavski. Chekhov juu ya kitabu kaandika komedia. Stanislavski alipoisoma alilia, akaiongoza kama msiba, na Chekhov, mgonjwa wa kifua, miezi sita tu kabla ya kufa, alilalamika kwamba mchezo wake umeharibiwa. Maneno yaleyale, watu walewale, mmoja anaona kicheko mwingine kilio. Ungekuwa na video ya usiku ule ungeamini kilio peke yake.

Sasa bando. Tamthilia za Ibsen na Chekhov ni za zamani, hazina mwenyewe wa kudai hela, tovuti ya Project Gutenberg wanazo bure na faili la maandishi tu ni dogo sana. LibriVox wana watu waliojitolea kusoma kwa sauti, kila mhusika na msomaji wake, hiyo unapakua mara moja ukipata waifai na unasikiliza ukipiga pasi. Kusikiliza kwa tamthilia hizi kuna faida moja ambayo hata video haina, unasikia kimya. Kwa Chekhov watu wanaongea hawajibizani, huyu anazungumzia madeni ya shamba yule anajibu kuhusu kabati la vitabu, na katikati kimya. Na pale mwisho kabisa mzee Firs, mtumishi wa miaka yote, wamemsahau ndani ya nyumba wamefunga wameondoka, analala kwenye kochi, inasikika sauti kama uzi wa ala unakatika mbali angani, halafu kimya, halafu shoka linapiga mti. Bustani hatuioni ikikatwa. Tunaisikia. Weka spika za masikioni, fumba macho.

Na hao wenzako wa grupu waambie wagawane sehemu, kila mtu achukue mhusika, mtumiane voisi za WhatsApp kwa mpangilio. Mmoja awe msomaji wa maelekezo ya jukwaani tu, na huyo awe mwenye sauti nzuri kuliko wote. Usiwe wewe wa kunyamaza.

Habari Mwalimu. Kozi yetu wiki nane, waandishi nane, Wazungu watupu. Ibsen, Strindberg, Chekhov, Pirandello, Brecht na kuendelea. Tuna Ebrahim Hussein, tuna Said Ahmed Mohamed. Kwa nini nilipe ada yangu kusoma sebule za Norway? — Mwenye Hasira, Morogoro

Njema ndugu. Hasira yako naiheshimu na sitaki ikuishe. Lakini ada umeshalipa, kwa hiyo itumie kuwadai zaidi.

Kozi nyingi zina asainmenti ya mwisho ya kulinganisha, na mara nyingi wanasema chagua tamthilia yoyote. Hapo ndo pako. Chukua Kinjeketile ya Hussein, ya 1969, inayohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wiki ya Brecht, yule Mjerumani, mtafundishwa kwamba alitaka mtazamaji asizame kwenye huruma tu, afikiri, aulize, mbona ilikuwa hivi na isiwe vile. Sasa msome Kinjeketile ambaye kaleta maji, kaunganisha watu wa makabila mbalimbali, halafu anaanza kuliogopa neno alilolizaa mwenyewe, kwa sababu neno limekua limemzidi, watu hawamsikilizi tena akisema tusubiri. Na mwisho yuko kifungoni, Mjerumani anataka aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo. Sentensi moja. Anakataa. Si kwamba anaamini maji yanazuia risasi, ameshaona maiti. Anakataa kwa sababu akilisema hilo litasafiri, litawafikia watoto na wajukuu, na watakaosikia watajua kwamba kupigana ndo kulikuwa kosa. Hapo mtazamaji analia na kufikiri kwa wakati mmoja. Hussein baadaye alikwenda kusomea shahada ya uzamivu Berlin Mashariki, mji uleule Brecht alikoanzisha kundi lake la maigizo mwaka 1949, kwa hiyo kuwaweka pamoja wala si kulazimisha.

Na wiki ya Beckett, mkifika kwa wale watu wawili wanaomsubiri Godot, iliyoanza kuonyeshwa Paris Januari 1953, barabara, mti, jioni, basi, weka pembeni yake Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, Ame na Zidi ndani ya pango lao, na ujiulize kila kundi linasubiri nini na nani kalifikisha hapo. Kwa Beckett mti tendo la kwanza ni mkavu, la pili una majani manne au matano na hakuna anayekueleza yametoka wapi. Kwa Ame na Zidi sababu za dhiki zina anwani, ni uongozi, ni misaada, ni uvivu wa kufikiri, na mimi binafsi nadhani hilo ndo linaifanya kali zaidi, lekchara wako anaweza kubisha na mbishane.

Ila usiseme sebule ya Norway si yako. Kenya watoto wa sekondari waliisoma hiyo A Doll's House kama kitabu cha mtihani, na najua wasichana waliotoka chumba cha mtihani wanabishana mpaka getini kama Nora alikuwa na haki kuwaacha watoto.

Mwalimu, naweza kusoma muhtasari wa mtandaoni badala ya tamthilia yenyewe? Muda sina. — Eldoret

Hapana ndugu yangu. Muhtasari hauna mti. A Doll's House yenyewe kwa sauti inachukua kama saa mbili na nusu, igawe usiku tatu, tendo moja kila usiku, na utakuwa umeisoma vizuri kuliko nusu ya darasa.

Shikamoo Mwalimu. Mimi tatizo langu ni aibu. Kozi inataka kila mwanafunzi ajirekodi akiigiza dakika tatu, yenye maksi 15. Nakaa chumba kimoja cha kupanga Nakuru, kuta ni za mbao, jirani akikohoa nasikia. Nikianza kulia na kupiga kelele za Nora watakuja kunitoa. Mume wangu anafanya kazi mbali kwa hiyo sina hata wa kuwa Torvald. Nifanyeje? — Mpangaji

Marahaba binti yangu, pole, na nashukuru umeuliza maana wengi wanaikimbia sehemu hiyo wanapoteza maksi kimyakimya.

Kwanza, Nora halii. Hiyo ndo siri ya tendo la tatu na wengi wanaikosa. Kwenye ngoma ya tendo la pili sawa, anacheza tarantela kama mwendawazimu mpaka nywele zinafumuka, kusudi mume asiende kwenye sanduku la barua, hiyo achana nayo. Lakini mwisho, mambo yakishafichuka, Torvald ndo mwenye kelele. Kamtukana, kamwita mwongo na mhalifu, kamwambia hatalea tena watoto, halafu hati ya deni inarudishwa, na palepale anageuka anasema nimeokoka, nimekusamehe. Nora kaenda kuvua nguo za ngoma. Anarudi kavaa nguo za kila siku, na anamwambia akae chini, wana mengi ya kuzungumza. Anamkumbusha kwamba wana miaka minane ya ndoa na hii ni mara ya kwanza wanakaa wawili kuzungumza kwa uzito. Haya yote ni sauti ya mezani. Kadiri unavyoshusha sauti ndivyo inavyokuwa nzito, na ukuta wako wa mbao kwa mara ya kwanza unakufaa, maana mtu anayeongea akijua jirani anasikia ana sauti fulani ambayo waigizaji wa majumba makubwa wanaitafuta miaka.

Torvald usihangaike naye. Weka kiti kitupu, tundika shati la mumeo kwenye mgongo wa kiti, zungumza nalo. Acha nafasi anapojibu, usiyasome majibu yake, hesabu moja mpaka nne moyoni ukiliangalia shati. Lekchara ataelewa. Simu iegemeze kwenye thermos, iwe usawa wa macho ukiwa umekaa, taa nyuma ya simu isiwe nyuma yako, na nguo vaa ileile unayovaa siku zote ukienda sokoni.

Jirani mwambie mapema. Usimfiche, kumficha ndo kutamleta mlangoni. Mwambie nina mtihani wa mchezo wa kuigiza, dakika tatu, na naomba unisaidie kitu kimoja. Ukishamaliza maneno yako, simama, toka nje ya picha, kiti na shati vibaki peke yao. Hesabu mpaka tano, kisha gonga ukuta mara moja taratibu, na yeye huko chumbani kwake afunge mlango wake, wa bati au wa mbao wowote ule, kwa nguvu, uwe ndo ule mlango wa Nora wa mwishoni. Usiizime simu hapo hapo.